Kombania moja, batalioni nzima inakuja: gemu gani ya vita ununue?

Jamaa yangu mmoja alinitumia ujumbe: "Kaka, nataka gemu ya vita vya kisasa, ila si ile ya kukimbia na bunduki. Nataka nikae upande wa wachache, jeshi kubwa la vifaru linanijia, nione nitafanya nini. Ninunue ipi?" Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Akasikiliza mbili. Haya hapa ni yale ya dakika saba zilizobaki, yamepangwa kidogo.

Nitazilinganisha tatu za kompyuta: Combat Mission: Cold War, Armored Brigade na Flashpoint Campaigns: Southern Storm. Njiani nitagusa moja ya mezani, MBT, na nitaeleza kwa nini WARNO, ambayo vijana wengi wanaijua zaidi, siipi nafasi katika swali hili.

Hesabu kwanza

Zote zinarudi mahali pamoja: Ujerumani ya Vita Baridi. Karibu na mji wa Fulda, mpakani, Wamarekani waliweka Rejimenti ya 11 ya upelelezi wa deraya. Kazi yake ingekuwa kuwaona Wasovieti wa kwanza kuvuka, kuwachelewesha, na kubaki hai mpaka wengine wafike. Vita hivyo havikupiganwa, na kwa mtengeneza gemu hiyo ni neema: silaha zinajulikana, barabara na vilima vinajulikana, mwisho wake hakuna anayeujua.

Sasa tazama unachokabiliana nacho. Kombania ya Kisovieti ya askari wanaopanda BMP ina magari kumi hivi ya kubeba askari. Kombania tatu ni batalioni, na batalioni hiyo kwenye shambulio huongezewa kombania ya vifaru, 13. Jumla zaidi ya magari 40. Wewe una platuni ya vifaru vya M60, ambayo kwa mpangilio wa Wamarekani wa miaka ya 1970 ni vitano, pamoja na askari wa miguu ndani ya magari ya M113 na makombora mawili matatu. Safu ikitembea kilomita 20 kwa saa, kilomita 3 zinaisha kwa dakika 9. TOW, kombora la kupigia vifaru, inaweza kumgusa adui kutoka mita 3,750, lakini mpigaji lazima abaki pale pale akiielekeza mpaka ifike. Dragon, ile ya kubeba begani, inaishia mita 1,000, na mtu wake anakaa sekunde zaidi ya kumi akiwa amejianika huku kila mtu upande wa pili anatafuta ule moshi umetokea wapi.

Kwa hiyo kipimo changu katika ulinganisho huu ni kimoja, na wala si picha nzuri. Ni hiki: gemu inakuruhusu vipi kuondoka? Kupiga, zote zinakuruhusu. Mtu wa upande wa wachache mara chache hushindwa kwa kukosa shabaha. Anashindwa kwa sababu alibaki apige tena. Risasi ya kwanza ni yako. Ya pili mnagawana. Ya tatu wameshakujua, na mizinga yao ya mbali nayo inajua.

Hili halikubuniwa kwenye kompyuta. Tarehe 2 Januari 1987 huko Fada, kaskazini mwa Chad, askari wa Chad wakiwa kwenye Toyota za wazi na makombora ya MILAN walivunja brigedi ya deraya ya Libya. Vifaru zaidi ya 90 vya T-55 inaripotiwa viliharibiwa. Toyota haina chuma cha kuzuia chochote. Ina mwendo, na waliutumia kuingia ubavuni na kutoka kabla mzinga wa kifaru haujageuka. Hakuna hata moja kati ya gemu ninazozilinganisha hapa inayokupa wale Wachadi, na mimi kila toleo jipya likitangazwa huwa naangalia orodha ya nchi, nafunga ukurasa nikiwa nimenuna.

Combat Mission: Cold War

Hii ni ya Battlefront, ilitoka mwaka 2021, na inahusu miaka ya 1979 hadi 1982. Kila askari ni askari mmoja, kila kifaru ni kimoja, na risasi inafuatwa mpaka inapogonga. Unaweza kucheza saa ikitembea mfululizo, lakini wengi wetu tunacheza kwa zamu za pamoja: pande zote mnaandika amri zenu, kisha dakika moja inapita mbele ya macho yenu na huwezi kugusa kitu. Sekunde sitini. Kwa mtu wa upande wa wachache, hizo sekunde sitini ndizo gemu yenyewe.

Nieleze. Pambano langu la kwanza la maana nilikuwa na M60A1 mbili nyuma ya kilima, mbele yangu bonde na BMP saba zinavuka kama mbuzi waliopotea mchungaji. Nikazipandisha, zikapiga, tatu zikawaka. Nikajiambia zamu moja tu zaidi, halafu narudi. Katika zamu hiyo, sekunde ya ishirini hivi, nikaona kombora la Malyutka linatoka kwenye miti ambayo sikuwa nimeiangalia. Linakuja polepole, linayumbayumba kama nyuki mlevi. Unaliona. Unajua linakwenda wapi. Huna la kufanya, kipanya kimekufa mkononi.

Dawa yake niliijua baada ya wiki kadhaa: amri ya kurudi unaiandika kabla hujapiga. Unamwambia dereva asogee mpaka mzinga tu uone juu ya kilima, unaweka kusubiri, ambako kunahesabiwa kwa hatua za sekunde tano, sema kumi na tano, kisha kinyumenyume mpaka chini. Yote ndani ya zamu ileile. Kinyumenyume, si kugeuka, maana chuma kinene kiko mbele. Ukizoea hivyo unaacha kufikiria "niko wapi" unaanza kufikiria "nitakuwa wapi sekunde ya arobaini". Katika gemu zote hizi, hapa ndipo kuondoka kunakufundisha kwa uchungu zaidi, na kwa kina zaidi.

Jambo jingine linaloitofautisha: kuona si kwa wote. Kifaru hiki kimemwona adui. Kile cha jirani, mita 80 pembeni, hakijamwona mpaka redio au macho yafanye kazi. Kwa hiyo mtego unaoonekana mzuri kwenye ramani unaweza kuwa na watu wawili tu wenye macho. Kabla hujaweka silaha, shuka na kamera mpaka usawa wa jicho la askari. Nusu ya "nafasi nzuri" utakuta zinatazama ukingo wa barabara.

Chagua mwaka kwa makini. Ukiwa 1979, moshi ni pazia kwa wote. Ukifika kwenye M60A3 yenye darubini ya joto, au kwenye M1, kifaru kipya zaidi, moshi unakuwa rafiki yako peke yako: unaona ndani yake, wao hawaoni. Anayeanza upande wa wachache akapewa M1 anajifunza tabia mbaya, anadhani ni fundi. Anza na M60A1 uteseke kihalali.

Kasoro ni mbili. Adui wa kompyuta anafuata mpango alioandikiwa na mtengeneza pambano, habadili mawazo. Ukirudia pambano lilelile unajua anakotokea, na hapo utamu unapungua nusu. Ya pili: mapambano mengi yanahesabu alama kwa ardhi uliyoshika saa ikiisha. Unajifunza kuondoka vizuri, halafu unanyimwa ushindi kwa sababu uliondoka! Tafuta yale yenye eneo la kutokea nje ya uwanja au yanayohesabu hasara za adui, au, bora zaidi, cheza na mtu. Mafaili ya zamu yanatumwa kwa barua pepe, kwa hiyo mtandao wa kusuasua si tatizo. Mnaweza kupigana mwezi mzima, zamu moja usiku, moja asubuhi kabla ya kazi.

Kompyuta je? Injini yake ni ya zamani, na pambano la batalioni nzima linachukua muda kupakia hata kwenye mashine nzuri. Wakati wa kusubiri chemsha chai.

Armored Brigade

Hii imetengenezwa na Veitikka Studios na kutolewa rasmi mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya kugawiwa bure. Unaangalia ramani kutoka juu, vifaru ni vidoti vyenye umbo, miti ni rangi ya kijani. Mtu akipita nyuma yako atadhani unaangalia ramani ya mipaka ya viwanja. Mwaka 2024 ilifuata ya pili yenye picha za kina zaidi, lakini ya kwanza bado ni chaguo halali kwa mwenye kompyuta ya kawaida.

Miaka yake ni 1965 hadi 1991, na nguvu yake ni kwamba hukosi pambano. Unachukua kipande cha ramani kubwa, unachagua nchi mbili, mwaka, saa, hali ya hewa, unampa adui mara tatu ya nguvu zako, unabonyeza. Dakika tano baadaye uko vitani mahali ambapo hata mtengenezaji hajawahi kupafikiria. Kuna Wafini pia, na kuwachelewesha Wasovieti kwenye misitu na maziwa ya Finland ni jambo tofauti kabisa na nyanda za Ujerumani: umbali wa kupigana unashuka, na mwenye makombora ya mbali hana cha kujivunia.

Kuondoka hapa kunatawaliwa na ucheleweshaji wa amri. Saa inatembea bila kusubiri mtu, ingawa unaweza kuisimamisha ukafikiri. Ukitoa amri, haifiki papo hapo. Kikosi chenye mafunzo duni, au mawasiliano yakivurugwa, kinasubiri zaidi kabla hakijasogea. Kwa hiyo ukiamuru kurudi wakati vifaru vya adui viko mita 800, umechelewa, hata kama umebonyeza haraka kama umeme. Amri ya kuondoka inatoka wakati bado unaona aibu kuitoa.

Kinachokuokoa ni masharti unayoweka mapema: umbali gani wafungue moto, kwa shabaha ya aina gani. Mimi makombora nayaambia yapige mbali, vifaru vinyamaze mpaka adui ageuke kutafuta makombora. Akigeuka, anaonyesha ubavu. Hapo platuni ya vitano inafanya kazi ya kumi, dakika mbili, kisha kila mtu anaondoka kupitia njia niliyokwisha kuichora kabla ya vita kuanza. Siku nikisahau kuichora, vikosi vinachagua njia ambayo kwenye karatasi ni fupi na kwenye vita ni kaburi.

Ulinganishe na Combat Mission hivi: kule unajali kifaru kimoja, hapa unajali platuni. Kule kosa lako linaonekana kwa sura, na jina la kamanda wa gari unalisoma pale. Hapa kidoti kinabadilika rangi. Watu wengine wanahitaji sura ili wajali. Mimi ni mmoja wao, ndiyo maana napoteza vifaru vingi zaidi hapa kuliko kule, kwa uzembe mtupu.

Flashpoint Campaigns: Southern Storm

Ya On Target Simulations, ilitoka 2022, inahusu kusini mwa Ujerumani mwaka 1989. Ukubwa unapanda tena. Ramani imegawanywa kwa pembesita za mita 500, na kete zako ni platuni na kombania. Kifaru kimoja hukioni. Unaona namba inapungua.

Wengi wakiisikia hivyo wanaondoka. Wasiondoke haraka, kwa sababu hii ndiyo iliyoelewa vizuri kuliko zote kwa nini mdogo anaweza kumshinda mkubwa. Zamu haziko sawa. Kila upande una mzunguko wake wa amri: unatoa amri, vita vinaendelea dakika kadhaa za kwenye gemu, ndipo unapata tena nafasi ya kusema. Mara nyingi mzunguko wa NATO ni mfupi kuliko wa Wasovieti. Ukipoteza makao makuu, ukivurugiwa redio, mzunguko unarefuka. Maana yake unaweza kupiga, kuhama, na kupanga mtego wa pili wakati adui bado anatekeleza amri ya kukushambulia pale ulipokuwa. Jeshi kubwa linapiga kilima kitupu. Raha yake sijui niifananishe na nini.

Unaweza pia kuwasha sharti la kupunguza idadi ya amri unazoruhusiwa kila mzunguko. Washa. Bila sharti hilo unakuwa mungu mdogo anayemgusa kila mtu. Likiwapo, inabidi uchague: nimwondoe yule anayezidiwa, au nimsogeze yule wa akiba? Mara nyingi ninajikuta sina amri ya kumwondoa mtu ninayemuona anakufa, kwa sababu mbili za mwisho nilizitumia kurekebisha urembo upande ambao hakuna vita.

Na kuhusu kuondoka, hapa kuna kitu ambacho zile nyingine mbili hazikupi kwa urahisi huo: amri maalumu ya kikosi kuwa pazia mbele, kupiga, na kurudi chenyewe adui akikaribia mno, kwa umbali uliouweka wewe. Unaweka pazia tatu moja nyuma ya nyingine, kilomita mbili mbili, na mizinga yako ikilenga njia panda kati yake. Adui anafika kwenye mto akiwa amechoka, na wewe bado una kombania ya akiba ambayo haijapiga hata risasi. Ukifanikiwa, hakuna moto wala kishindo cha kukusisimua, ni namba tu na mishale. Lakini utainuka kwenye kiti uzunguke chumba.

Kasoro: kitabu chake cha maelekezo ni kirefu, na mapambano mengine yanakula jioni nzima. Si gemu ya kufungua ukiwa umechoka na foleni.

MBT, kwa wanaopenda kugusa kete

Hii ni ya Jim Day, ilitoka kwanza 1989 kwa Avalon Hill, na GMT wakaitoa upya 2016. Ujerumani, mwaka 1987, pembesita ya mita 100, kete moja kifaru kimoja. Kila zamu unaweka amri za siri chini ya kete zako: kupiga, kusogea, kusimama kidogo upige, au kulinda huku ukisubiri. Mkifunua, mnajuta pamoja. Anayecheza bao atajisikia nyumbani, maana uwanja mzima uko wazi mbele yenu na ujanja uko kwenye kusoma mwenzako ataanzia shimo lipi. Lakini uwazi huohuo ndio unaomwumiza mdogo. Mtego ambao mwenzako anauona mezani umebaki nusu mtego. Kuna kanuni za kugundua adui, zinasaidia, haziponyi. Na boksi ni zito. Uliza gharama ya kulisafirisha kabla hujaipenda picha yake. Faida yake kubwa haihitaji maelezo kwa mtu ambaye umeme wake hukatika saa moja jioni.

Kuhusu WARNO

Eugen Systems wa Ufaransa waliikamilisha 2024, ni nzuri kutazama, na ukiingia mtandaoni mnaweza kuwa kumi kwa kumi. Lakini katika aina yake maarufu ya mchezo alama zinatokana na maeneo unayoyashikilia. Ukiachia eneo, adui anahesabu. Yaani sanaa yote ninayoisifu hapa inaadhibiwa. Pia inataka kompyuta yenye kadi ya picha ya maana na vidole vya kijana wa miaka kumi na sita. Ni gemu nyingine, kwa swali jingine.

Sasa, ipi?

Kama una kompyuta dhaifu na saa moja tu kwa siku, chukua Armored Brigade ya kwanza, usifikirie sana. Itawaka, itakupa pambano jipya kila jioni, na ukipoteza hutalia.

Kama una mwenzako wa kucheza naye, chukua Combat Mission. Ukiwa peke yako utaichoka baada ya mapambano yake bora kwisha; ukiwa na mtu mwenye akili upande wa pili, haina mfano. Chezeni pambano moja mara mbili mkibadilishana pande. Ukishaendesha ile batalioni kubwa mwenyewe utaona jinsi inavyoogopa kila kichaka, na utajua pa kumtishia mwenzako bila hata kuweka silaha pale.

Kama wewe ni mtu wa kupanga, unapenda kuona mpango ukifanya kazi zaidi ya kuona kitu kikilipuka, na una Jumamosi, nenda Southern Storm. Zote tatu ziko Steam, duka la gemu la mtandaoni. Weka kwenye orodha usubiri punguzo, hakuna gemu ya vita ya mwaka 1989 inayoharakishwa na mwezi mmoja.

Mimi ningebaki na moja tu, ningebaki na Combat Mission, pamoja na adui wake asiyebadili mawazo, kwa ajili ya zile sekunde sitini.

Jamaa yangu hakunisikiliza. Alinunua Southern Storm, usiku wa kwanza akawasha pambano kubwa kuliko yote, akaweka kombania zake zote mstari wa mbele bila akiba. Saa saba usiku akanitumia picha ya skrini na maneno matatu: "Kaka, wanatokea wapi?"